Meza ya Mkunja Miavuli

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya mvua, ukiwa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, taulo la uso limekunjwa vizuri mapajani. Daktari alisema ni moyo uliochoka. Mama hakukubali. Alisema moyo wako haukuwa na sababu ya kuchoka, kilichokuwa kinachoka siku zote ni mikono.

Tunaokuandikia ni sisi wa nyumbani, nami binti yako ndiye niliyeshika kalamu. Tunalisema hili mapema kwa sababu leo utakumbukwa na watu wengi, na wengine watakukumbuka kwa tarumbeta. Jeshi la Anga linafungua ukumbi wa kuenzi mchango wa mkoa wetu katika historia yake ndefu, na siku waliyoichagua ni hii, siku yako. Walisema wamefanya hivyo kwa heshima yako. Mama alipoambiwa aliuliza, "Kalenda nzima haikuwa na siku nyingine?"

Basi kabla hawajapiga tarumbeta zao, acha tuseme yetu.

Wasiokujua watadhani ulikuwa rubani. Hukuwahi hata kupanda ndege. Ulikuwa mkunja miavuli. Askari akiruka kutoka angani, mwavuli unaomshusha umekunjwa na mtu, juu ya meza ndefu, kamba moja moja, pindo kwa pindo, ukaingizwa kwenye mfuko ambao yeye anaubeba mgongoni bila kujua ndani kukoje. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa wewe, au mtu uliyemfundisha wewe. Kitambaa kikilala vibaya, huko juu hakuna wa kukinyoosha.

Mkoa wetu haukutoa marubani wa kutajwa. Sisi ni watu wa kiwanda cha nguo, watu wa vyerehani na mikasi. Lakini tangu jeshi lile lilipoanza kurusha watu, wakubwa waligundua kwamba watu wa kwetu wana mikono inayoelewana na kitambaa, wakaja kuchukua vijana pale pale kwenye geti la kiwanda. Walimchukua baba yako mdogo, wakakuchukua wewe, wakawachukua waliokufuata. Mpaka leo ukiingia kwenye chumba cha kukunjia miavuli utadhani umeingia kwenye kikao cha ukoo.

Mkoa wa jirani, wao walitoa marubani. Wana ndege nzima imesimamishwa kwenye mzunguko wa barabara, imepakwa rangi ya fedha, maharusi wanakwenda kupiga picha chini ya bawa lake. Sisi hatukuwa hata na tairi. Tangu nikiwa mdogo niliionea wivu ndege ile. Kila tulipopita pale ndani ya basi ulikuwa unasema, "Inapendeza, eh?" nami nikigeuza uso upande wa pili. Nilipomaliza chuo na kusikia kuna kamati ya ukumbi wa mkoa, nilikuwa mtu wa kwanza kufika mkutanoni. Nilifika kabla ya mwenye ufunguo.

Baba, kukunja kulikuwa kama ugonjwa kwako. Ulikunja mashuka, magazeti, mifuko ya plastiki, sweta langu la shule. Nikishakunja mimi, ulikuja kimyakimya, ukakunjua, ukakunja upya, kisha ukaniambia, "Umekunja vizuri sana." Kaka alikuwa akiiacha fulana yake ya mpira imefinyangwa makusudi kwenye kochi ili akutazame unavyohangaika. Mgeni akiegemea kiti, ulimnyooshea kitambaa cha mgongoni akiwa bado amekiegemea. Na kabla ya kukunja chochote ulikigusa kwa mgongo wa mkono, kuona kama kina unyevu. Ulitugusa hivyo hivyo kwenye paji la uso tulipougua.

Pete yako ya ndoa ilikaa msumarini kuliko ilivyokaa kidoleni. Ilikuwa sheria ya kazi, pete hukwaruza kitambaa. Mama aliielewa sheria hiyo na akaichukia vilevile. "Wanaume wengine huvua pete wakienda kwa wanawake," alikuwa akimwambia dada yako. "Wangu anavua akienda kwa matambara." Wewe ulicheka chini chini, ukaitundika, ukaondoka.

Na asubuhi hukuwa tayari kugombana. Hilo ndilo lililomuuma Mama kuliko yote, na majirani hawakumwelewa, maana wao walimtamani mume wa namna hiyo. Mama aliamka na maneno yake, ameyapanga, yana hoja: bomba linavuja tangu lini, dada yako kasema nini, uliahidi nini ukasahau. Wewe ulikaa mbele ya chai, ukanyamaza, kisha ukasema, "Umesema kweli, mke wangu."

"Nikimwambia jua limetoka magharibi atasema nimesema kweli!"

Ulivaa kofia, ukaenda. Mama aliamini kwamba akili yako yote uliibana kifuani ukawapelekee wao kambini. "Wao wanapewa kichwa," alikuwa akisema, "mimi naachiwa msumari wa kofia."

Halafu kuna meza.

Watu wa kambini wanadhani meza ile ilitengenezwa kwa ajili yao. Sisi tunajua ilitengenezwa kwa ajili ya Mama. Alikuwa akikata vitambaa vya wateja wake sakafuni, mgongo ukimuuma, nawe ukaenda kwa seremala ukamwagizia meza ndefu kama ile ya kazini kwako, kwa sababu ndiyo meza pekee uliyoiamini. Ilijaa sebule nzima. Tulipita pembeni yake tumebana tumbo. Mama anasema siku ile ilipoingia alilia, na wewe ulidhani hajaipenda.

Aliifaidi kwa majuma machache. Kisha mtoto wa jirani akaitwa kwenye usaili wa chumba cha kukunjia, nawe ukasema, "Ngoja nimwonyeshe kidogo tu." Ukashona mashuka mabovu yakawa mwavuli, ukafunga kamba za kuanikia nguo zikawa kamba zake. Yule alipopita usaili, akaja binamu yake. Kisha rafiki wa binamu. Mwishowe kila Jumamosi baraza letu lilijaa vijana wa mkoa mzima wanaosubiri zamu, na Mama amesogezwa mpaka ncha ya upande wa jikoni na mkasi wake. "Nilipewa meza," alikuwa akisema, "nikabakiziwa kona."

Mimi nilibakiziwa kona ya pili, ya kufanyia hesabu za shule. Nakumbuka ulivyomshika mkono msichana mmoja aliyekuwa anakosea kila mara, ukauweka juu ya kitambaa, ukamwambia, "Usiharakishe. Kiache kitambaa kikwambie kinataka kulala wapi." Hukuwahi kumpandishia sauti. Ulimrudisha mwanzo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mimi nilipokuuliza hesabu ya sehemu, ulinijibu huku macho yakiwa kwenye kamba.

Na Jumapili walikuja warukaji. Ilikuwa desturi yao: askari akiruka kwa mara ya kwanza akatua mzima, huja kumshukuru aliyemkunjia. Walikuja na soda, na sukari, na vicheko vya watu walioponea chupuchupu. Mmoja wao, yule mrefu tuliyemwita Kobe kwa sababu alitua amezamisha kichwa mabegani, alikuwa akipiga kelele tangu getini: "Baba! Nimefika salama!" Nawe ulitoka mbio bila kuvaa ndala.

Mimi nilifika salama kutoka shuleni kila siku, Baba. Hukuwahi kunikimbilia.

Siku ya mazishi yako walikuja wote, na sare zao. Wanaume wazima, mabega kama milango, wanalia "Baba! Baba yetu!" mpaka sisi wanao wa kuzaa tukakosa pa kulilia. Kaka aliniinamia akanong'ona, "Mdogo wangu, tupange foleni au?" Jirani yetu mpya, ambaye hakuwa amejua kazi yako, alitazama umati ule, akatutazama sisi wawili, kisha akamshika Mama mkono kwa huruma. "Pole, dada yangu," akamwambia. "Wote hawa? Wanaume ndivyo walivyo."

Mama hakumsahihisha. Baadaye alituambia, "Ningemjibu nini? Ni kama kweli."

Lakini lililomkata maini lilikuja mwishoni. Mkuu wa kambi alisimama kando ya kaburi, akapiga saluti, akasema, "Kwaheri, Fagio." Na wote nyuma yake wakaitikia kwa sauti moja, "Kwaheri, Fagio!"

Tukatazamana.

"Fagio ndiye nani?" Mama akauliza.

"Nadhani ni Baba," Kaka akasema.

Ulikuwa na jina huko, na sisi hatukulijua. Tulitaka kuuliza lakini Mama alikataza. "Sitakwenda kuwauliza watu wengine jina la mume wangu." Akalibeba mwaka mzima, na mara nyingine nilimwona anapokata kitambaa, midomo ikilitamka bila sauti, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine.

Mwaka ukaenda, na kamati ya ukumbi ikaanza kazi. Nilipendekeza picha za wakunjaji wote wa mkoa wetu. Mkuu wa kambi alinisikiliza kwa adabu, akasema picha kila mkoa unazo. "Mkoa wenu ulete kitu, binti. Kitu ambacho mtu akikigusa atajua mlifanya nini." Waliokuwa mezani, karibu wote wamepita Jumamosi za kwetu, wakasema kwa pamoja kana kwamba wamepangana: "Meza ya Fagio."

Nilirudi nyumbani nikiruka. Niliamini kwa moyo wote, na bado naamini, kwamba mkoa wetu haukupaswa kuishi chini ya kivuli cha bawa la watu wengine. Wao wawakumbuke waliopaa. Kuna watu walishuka salama wakazaa watoto, na watoto wale wanapaswa kujua ni mikono ya nani iliwashusha baba zao.

"Mama, wanataka meza."

"Ipi?"

"Tunazo ngapi?"

"Usinijibu kama hukufunzwa. Meza haitoki."

"Ni kwa heshima ya mkoa mzima, Mama. Watoto wa shule watakuja kuiona."

"Waje waione hapa. Nitawapa chai."

Kaka, aliyekuwa chini ya sinki anafungua bomba, akatoa kichwa. "Mama, mkoa wa jirani umetoa ndege nzima, sisi tunabania meza?"

"Ile ndege ilikuwa ya mke wa nani?"

Kaka akarudisha kichwa chini ya sinki.

Nilimbembeleza Mama siku nyingi. Nilimweleza historia, nilimweleza haki, nilimweleza vizazi vijavyo. Mwishowe, asubuhi moja, aliniwekea kikombe cha chai, akatazama dirishani, akasema, "Sawa. Sawa." Nilimkumbatia kwa furaha na nikapiga simu kambini walete lori.

Lilikuja Jumamosi iliyopita. Walikuja vijana wa chumba cha kukunjia, wavulana kwa wasichana, wakiongozwa na koplo mmoja wa kike mwenye sauti ya upole. Pamoja nao alikuja Mzee Nyuzi, sajini wako wa zamani, amevaa koti lake la jeshi ambalo halifungi tena vifungo. Walimkuta Mama amekaa mezani, upande wake wa jikoni, ametandaza kitambaa cha mteja kutoka ncha hii mpaka ncha ile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nina kazi."

"Tutasubiri, Mama," koplo akasema.

Wakasubiri wamesimama wima ukutani. Mama akakata polepole kuliko siku zote za maisha yake. Kitambaa kilipokwisha, hakukuwa na kingine. Akasimama, akakusanya vipande, akaketi kwenye kochi akiwa ameyapa mambo yote mgongo. Vijana wakaishika meza pande zote, wakainua.

Ilifika mlangoni ikakwama. Nusu sebuleni, nusu barazani. Walipoanza kuigeuza kiubavu, mguu mmoja ukagonga fremu, na ule mlio ndio uliomfungua Mama.

"Mnaona!" akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Hata yenyewe haitaki! Mlimchukua akiwa kijana, mkamchukua Jumamosi, mkamchukua Jumapili, mkamvua pete. Mkamwita Baba mbele ya wanawe. Mkampa na jina, sijui fagio sijui dekio, mkalipigia saluti kaburini mimi nikiwa nimesimama pale kama mgeni! Siku yake ya mwaka mmechukua. Na sasa mnataka meza yangu. Yangu! Basi chukueni na kochi. Chukueni na sufuria. Mbona sufuria mmeziacha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Koplo aliinua mkono, akasema, "Wekeni chini."

Wakaiweka pale pale mlangoni.

"Mama," koplo akasema, "samahani. Una fagio?"

"La nini?"

"La kufagilia uwanja."

Mama alidhani anachezewa. Lakini mmoja wa vijana alikuwa ameshaliona nyuma ya mlango wa jikoni. Wakapita chini ya meza mmoja mmoja, wakatoka nje, wakaanza kusafisha uwanja wetu, mmoja akifagia na wengine wakiokota majani kwa mikono. Hakuna aliyecheka.

"Mzee," Kaka akamwambia Mzee Nyuzi, "hawa vijana wako wazima?"

Mzee Nyuzi alikuwa amebaki ndani. Akavua kofia. "Ni sheria ya chumba, mwanangu. Aliyetoka kwenye ugomvi hagusi kitambaa siku hiyo. Ugomvi unakaa mikononi. Ukifika asubuhi unamwambia sajini mlangoni, 'Leo sikunji,' hakuna anayekuuliza kwa nini, unapewa fagio. Hawa wamegombana na mama yenu. Hata meza yenyewe hawawezi kuibeba leo."

Mama akaketi taratibu.

"Wengi tulidanganya, shemeji," Mzee Nyuzi akaendelea, sasa akimgeukia yeye. "Nani anataka kufagia mbele ya makuruta? Mtu ametoka kwake sahani zimeruka, anafika anasema nyumbani kwema. Mumeo hakuwahi kudanganya hata siku moja. Ndiyo maana akaitwa Fagio."

"Lakini hatukugombana!" Mama akasema. "Nimekaa naye miaka yote ile natafuta ugomvi sipati! Alikuwa hanijibu!"

"Najua. Alikuwa anakuja mlangoni kwangu anasema, 'Sajini, leo mke wangu kanipa chai bila kuniangalia. Nipe fagio.' Siku nyingine: 'Leo kasema sawa mara mbili.' Namwambia, 'Wewe bwana, hiyo ni sawa tu, nenda ukakunje.' Anasema, 'Humjui mke wangu.' Anachukua fagio." Mzee Nyuzi akatikisa kichwa. "Shemeji, chumba chetu kilikuwa kisafi kuliko hospitali."

Sawa mara mbili. Mimi niliisikia na nikapiga simu ya lori.

Mama alifunika uso kwa upindo wa kanga yake, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka sauti ilipotoka, nayo ilikuwa ya vyote viwili. "Kumbe alikuwa anajua," akasema. "Yule mtu alikuwa anajua siku zote." Kisha akafunua uso, na wivu ukawa umerudi palepale, macho makavu. "Kwa hiyo chumba kizima mlijua nimenuna! Nilikaa hapa peke yangu nanuna, na faida mnapata ninyi! Hata ugomvi wangu mmekula ninyi!"

"Tulikula, shemeji," Mzee Nyuzi akakubali. "Na wakubwa walikuja kutusifu kwa usafi."

Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Nilimsindikiza Mzee Nyuzi mpaka kwenye lori. Nilitaka kumuuliza, nikasita, nikauliza. "Mzee, na kwa ajili yangu mimi je? Kuna siku alifagia?"

Ni mtu mkweli. "Sikumbuki, mwanangu," akasema.

Basi nikamwonea wivu Mama, Baba. Nikiwa na cheti changu cha chuo na maneno yangu yote ya vizazi vijavyo, nilimwonea wivu mama yangu mzazi kwa sababu ya fagio. Nimekaa nalo jambo hili juma zima. Nadhani hukuwa na sababu ya kufagia kwa ajili yangu kwa kuwa mimi sikuwahi kukunyamazia, nilikuwa nasema yote, yakakwisha. Natumaini ni hivyo. Nikikosea, utanisamehe, nami nitakusamehe.

Lori liliondoka tupu. Meza ilibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, na tulipita chini yake. Wateja wa Mama walipimwa nguo barazani. Kaka alijigonga kichwa akiingia, akajigonga akitoka, akasema hata ndege ya mkoa wa jirani haijawahi kumuumiza mtu hivi. Mama alivuta kiti akakaa kwenye nusu ya ndani, akakata vitambaa vyake hapo, na mara moja nilimkuta ameacha mkasi, anaupitisha mgongo wa mkono wake juu ya mbao, taratibu, kutoka kwake kwenda upande wa nje mpaka mkono ulipokoma.

Jumatatu akaniita. "Soma hicho kibao chenu kitasemaje."

Nilikuwa nimekiandika mimi mwenyewe na nilikuwa nakionea fahari. Nikasoma: "Meza ya mkunja miavuli. Juu yake wamejifunza vizazi vya vijana wa mkoa huu waliolitumikia Jeshi la Anga. Zawadi ya familia."

"Zawadi? Nani katoa zawadi?"

"Mama, ndivyo inavyoandikwa."

"Isiandikwe hivyo. Andika ni ya mke wake, na imeazimwa kutoka kwake. Ikiandikwa hivyo, waje, sitagombana na mtu."

Nilipiga simu kwa mkuu wa kambi. Ni mtu mwema, alinieleza kwa upole kwamba vitu vya ukumbini lazima viwe mali ya jeshi, kwamba ukumbi ni wa kudumu, kwamba hawajawahi kuweka kitu cha kuazima. Mama alinyoosha mkono nikampa simu.

"Afande, habari za kazi," akasema. "Nakusikia. Sasa na mimi nikuulize. Mume wangu mlikaa naye tangu ujana wake mpaka nywele zikawa nyeupe. Mlidhani niliwapa? Niliwaazima. Jioni alikuwa anarudi kwangu. Basi na meza ni hivyo hivyo."

Akaisogeza simu kidogo nami nisikie.

"Imeeleweka, Mama," mkuu wa kambi akasema.

Walikuja juzi. Mama aliwapa chai, akamtazama kila mmoja machoni alipompa kikombe, akasema, "Bebeni." Waliibeba kiubavu, haikugusa fremu. Sebule imekuwa kubwa mno, tunatembea katikati yake tukibana tumbo bila sababu.

Leo ukumbi unafunguliwa, na mkoa wetu umepata mahali pake katika historia ya jeshi lile, kwa meza moja. Kibao kimeandikwa kama Mama alivyotaka. Mwenye nafasi aende akaione. Aiguse. Akimaliza kusoma, ajue kwamba mwenyewe yupo, ni fundi cherehani, na ana haki ya kuifuata siku yoyote.

Unakumbukwa na mke wako. Unakumbukwa na mwanao wa kwanza, fundi majokofu, mwenye nundu mpya kichwani. Na mimi, kitinda mimba wako. Na dada yako, anayesema hata yeye hakujua. Na mkwe wako na wajukuu zako, ambao mdogo wao ameanza kukunja leso na hakuna aliyemfundisha. Unakumbukwa na Mzee Nyuzi, ambaye Mama ameruhusu aandikwe hapa, na Kobe, ambaye hajaruhusiwa ila nimemwandika.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Baba. Wengine nao wakukumbuke, ni wengi na wana haki. Lakini sisi kwanza.